Chumba Chenye Mlango, Sehemu ya Tisa: Nipe Mji

Beseni bado liko juu.

Wiki jana tulimwacha Kang'ethe amelishika kwa mikono miwili, limejaa maji ya matope hadi ukingoni, juu ya kitanda cha Sajini Kiptanui. Najua mmeulizana wiki nzima, wajukuu wangu. Atamwaga? Hatamwaga?

Alimwaga.

Maji yalitua katikati ya blanketi, yakatambaa hadi kwenye mto. Juu ya mto kulikuwa na mwanasesere wa kitambaa. Kiptanui alimshona mwenyewe kwa sindano ya kushonea magunia, amngojee Cherop, binti yake. Mwanasesere akanywa matope, akalala chali.

"Umefanya nini, bwana?" Kiptanui aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Nimekuokoa," Kang'ethe akasema. Kisha akainua mguu, akapangusa kiatu chake kwa pindo la blanketi hilo hilo. Kiatu cha kushoto. Halafu cha kulia.

Kwa yule aliyechelewa kuketi nasi: hapa ni Bahati, ndani ya godauni la zamani la kukaushia pareto. Umesh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, aliliazima kwa wanajeshi waliorudi kutoka Somalia wakakosa pa kwenda. Sasa Umesh ameliuza, na mwenye kununua anataka watu watoke mwisho wa mwezi. Jiji la Nakuru nalo linaomba ruzuku kwa wafadhili wa ng'ambo, lijenge nyumba za mpito: kila askari chumba chake, akae humo mpaka aweze kujitegemea.

Kang'ethe si mfanyakazi wa jiji. Ni mratibu wa kukodiwa, mtu wa suti na maneno, aliyepewa kazi ya kulisukuma ombi hilo. Nyumba zikijengwa, yeye ndiye atakuwa msimamizi wake. Hiyo ameahidiwa.

Na Kiptanui? Kiptanui hataki makubwa. Anataka chumba chenye mlango. Mke wake alifariki, na Cherop analelewa Rongai kwa mjomba wake, Elphas. Elphas si mtu mbaya. Alisema wazi: "Shemeji, siku utakayonionyesha chumba chenye mlango unaofungwa, mtoto ni wako. Lakini kwa godauni la wanaume, simleti."

Basi. Sasa turudi ndani, maana gari linakuja.

"Angalia hii!" Kang'ethe alipiga kelele akizunguka. "Mawe mmepaka chokaa! Mashati mmepiga pasi! Sufuria zinang'aa hata naona meno yangu! Madam akiingia hapa ataniuliza, Kang'ethe, hawa wanataka nyumba ya nini? Hii si ni hoteli?"

"Tuliambiwa mkubwa anakuja kukagua," Kiptanui akajibu.

"Kukagua shida, sajini! Shida! Nani alikuambia ni gwaride?"

Tangu Kiptanui akiwa kijana, kila aliposikia mkubwa anakuja kukagua, alifanya kitu kimoja tu. Alisugua. Alipiga pasi. Alipaka mawe ya njiani chokaa. Wenzake wote walikuwa hivyo, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kuna mgeni anayekuja akitaka kuona takataka.

Honi ikalia upande wa barabara.

"Hao wamefika kwa kona," Kang'ethe akasema. "Mimi hawa watu wako hawanisikii. Nikiwaambia kitu wananitazama kama mti. Wewe ndiye wanakusikia. Sema neno, wachafue hapa."

"Siwezi kuwaambia hivyo. Wamefanya kazi tangu Jumatatu."

"Sawa." Kang'ethe akatabasamu. "Basi mtoto abaki Rongai. Akue huko. Aolewe huko. Wewe utapelekewa picha."

Kiptanui alimtazama mwanasesere. Akawatazama wenzake. Walikuwa wamesimama kando ya vitanda vyao, na karibu naye alikuwa Micah.

Mnamkumbuka Micah. Ndiye ambaye Kiptanui alimbeba mgongoni siku ile gari lao lilipolipuka, akatembea naye hadi miguu ikavuja damu. Tangu siku hiyo Micah hajatamka neno. Anakula, anafanya kazi, anaamka akitetemeka. Akitetemeka, Kiptanui humshika mkono mpaka atulie. Lakini kusema, hapana. Daktari wa jeshi alijaribu. Mamake alijaribu. Hapana.

"Kikosi!" Kiptanui aliita. "Mguu sawa!"

Visigino vikagongana.

"Chafua."

Hakuna aliyesogea. Kamande, ambaye ndiye mpishi wao, akakohoa. "Afande, samahani. Rudia?"

"Umenisikia, Kamande. Mkubwa akija akute pachafu. Vitanda chini, matope juu, mashati rarua. Fanya!"

Wakafanya.

Jameni, mngeona! Hapakuwa na kelele wala fujo. Kila mtu aliinua kitanda chake, akakilaza upande wa kushoto. Kila mtu alichota kopo moja la matope, akalimwaga katikati ya blanketi. Kamande alinyunyiza majivu ya jiko kutoka mlangoni hadi ukutani, mstari umenyooka kama kamba. Mawe meupe yakapakwa tope, la kwanza hadi la mwisho, bila kuruka hata moja. Kisha kila mtu akashika mfuko wa kushoto wa shati lake, akaurarua.

Micah alirarua wake huku machozi yanamtoka. Lakini alirarua sawasawa na wengine.

Walipomaliza, wakarudi kwa nafasi zao, wakasimama wima.

"Safi sana!" Kang'ethe akasema, akatoka mbio kwenda kupokea wageni.

Lakini kuna kitu ambacho Kang'ethe hakujua, na Kiptanui pia hakujua. Ukuta wa godauni ni wa mabati, na mabati ya zamani yana matundu ya misumari. Katika tundu moja, upande wa shamba la mahindi, kulikuwa na jicho.

Jicho dogo.

*

Mgeni mwenyewe alikuwa mwanamke. Vidhi ni jina lake, mzaliwa wa Nakuru hapa hapa. Alisoma, akaenda mbali, na sasa ndiye wafadhili humtuma aangalie kwa macho kabla hawajatoa chochote. Suruali ya jeans, viatu vya kutembea, nywele zimefungwa nyuma.

"Habari zenu, wazee?"

"Nzuri, madam!" Wote kwa sauti moja, isipokuwa Micah.

Kang'ethe alikuwa ameshatoa leso. "Ona, madam. Ona mashujaa wetu. Wanaishi kama nguruwe. Mimi nikija hapa silali usiku, nakuambia ukweli. Hawa hawajui hata kutandika kitanda. Akili ilibaki vitani."

Kiptanui alitazama mbele. Alisikia pumzi ya Kamande ikipanda. Alisikia meno ya mtu yakisagana. Hakugeuza shingo.

Vidhi alitembea polepole. Kitanda cha kwanza. Cha pili. Alifika mwisho, akarudi. Akatoka nje, akainama, akagusa jiwe. Alipoinua kidole, kilikuwa na tope, na chini ya tope, weupe.

"Chokaa haijakauka," alisema.

"Ni kinyesi cha ndege, madam," Kang'ethe akasema haraka.

"Na vitanda? Mbona vyote vimeangukia upande mmoja?"

"Upepo. Huku Bahati kuna upepo, we!"

"Upepo huo uliingia jeshi?" Vidhi aliuliza. "Umerarua mifuko ya kushoto tu. Umemwaga majivu kwa mstari." Aligeuka, akawatazama wale wanaume. "Mimi ni mtoto wa hapa. Nimeuona uchafu wa soko, nimeuona wa stendi, nimeuona wa mto baada ya mafuriko. Sijawahi kuona uchafu uliojipanga safu."

"Mnajua nilitumwa kuangalia nini?" aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa na uchovu. "Mahali pengine tulijenga. Nyumba nzuri. Mwaka haukuisha, milango iling'olewa ikawa kuni. Wakubwa wangu wakaniambia, Vidhi, safari hii tutafutie watu wanaojua kutunza nyumba. Shida zao tunazijua. Nenda uone kama wanaosha sufuria." Akapiga teke kopo lenye tope. "Ningekuta vitanda vimetandikwa, leo hii ningemaliza. Leo!"

Jana jioni vitanda vilikuwa vimetandikwa. Asubuhi vilikuwa vimetandikwa. Wakati honi inalia kwa kona, vilikuwa vimetandikwa.

"Kuna mtu alipanga huu uongo," Vidhi akasema. "Nani alitoa amri?"

Kang'ethe akajisogeza hadi begani kwa Kiptanui, kama mtu anayemfariji. Akanong'ona, "Nitaje, uone. Ombi hili mimi ndiye najua linapitia wapi. Nikianguka, linaanguka nami. Chumba bye bye."

"Nauliza mara ya mwisho," Vidhi akasema. "Nani?"

"Mimi namjua!"

Sauti ilitoka mlangoni. Nyembamba, ya furaha.

Kiptanui hakugeuka, lakini moyo wake uligeuka. Sauti hiyo huisikia kila Jumapili kwa simu.

Cherop alikuwa amesimama kwenye mwanga, miaka saba, gauni la kanisani, soksi nyeupe zimejaa majani ya shamba la mahindi. Nyuma yake Elphas alikuja akihema. "Cherop! Nilikuambia ungoje kwa lango! Samahani, madam. Shemeji, samahani. Uliniambia nije nijionee wageni, sasa huyu akanitoroka."

Ni kweli. Kiptanui ndiye aliwaita. Alitaka Elphas aone kwa macho yake jinsi godauni linavyong'aa.

"Sasa, baba!" Cherop akapunga mkono.

Kiptanui alikuwa mguu sawa. Hakuweza kupunga. Alikunja kidole kimoja tu, pajani.

Vidhi alichuchumaa. "Unaitwa nani, mrembo?"

"Cherop."

"Cherop, unasema unamjua aliyetoa amri?"

"Ee. Nilichungulia kwa kitundu. Lakini sikuambii bure, anti." Mtoto akashika kiuno. "Kitendawili!"

Hapo Vidhi alitabasamu, mara ya kwanza tangu ashuke garini. Nani amekulia Nakuru asijue mchezo huo?

"Tega!"

"Mdomo mmoja, mikono mingi."

Kiptanui alilijua jibu kabla Vidhi hajapumua. Yeye ndiye alimfundisha vitendawili, kila Jumapili, mpaka pesa za simu ziishe. Alikuwa amemwambia, sasa tunga chako mwenyewe. Na mtoto ametunga.

"Cherop," akasema. "Wacha."

"Baba, usimwambie!" mtoto akacheka. "Si haki!"

Vidhi alikuna kichwa. "Mwalimu na wanafunzi?"

"Hapana!"

"Pweza?"

"Hapana! Umeshindwa! Nipe mji!"

Mnaijua sheria. Aliyeshindwa hutoa mji, na mwenye kitendawili akishapewa mji, lazima afumbue. Hakuna kurudi nyuma.

"Haya," Vidhi akasema. "Nakupa Nakuru."

Cherop akasimama wima, akaunganisha visigino vyake kama alivyowaona wale wanaume wakifanya.

"Nilienda Nakuru. Watu wa Nakuru wakanikaribisha, wakanipa chai, wakanipa kitanda, nikalala. Jibu lake ni baba yangu!" Akanyoosha mkono. "Baba akisema *mguu sawa*, wote tap! Baba akisema *chafua*, wote wanachafua! Hakuna mtu anakataa baba!"

Alisema kwa fahari, wajukuu wangu. Fahari ile ya mtoto aliyemwona babake akiwa mkubwa kuliko watu wote. Amepewa jiji zima. Chumba kimoja amekipoteza, na hajui.

Tabasamu la Vidhi likazimika.

"Mtoto hasemi uongo, madam," Kang'ethe akadakia. Alitikisa kichwa kwa huzuni. "Mimi nilikuwa nje nawangoja nyinyi. Kumbe nyuma yangu mambo ndiyo haya! Sajini, kweli? Baada ya yote nimekufanyia?"

"Ni kweli, sajini?" Vidhi akauliza.

Kiptanui alitazama viatu vya Kang'ethe. Vilikuwa safi. Suruali, hata hivyo, ilikuwa na tone la tope kwenye upindo, tone moja, na hakuna aliyeliona ila yeye. Angeweza kulionyesha. Lakini aliulizwa kama amri ilitoka kwake, na jeshini hufundishwi kujibu swali ambalo hukuulizwa.

"Amri ilitoka kwangu, madam."

Elphas alikuwa amekifikia kitanda cha mwisho. Akamwokota mwanasesere, maji yakachuruzika. "Shemeji," akasema polepole, "hapa ndipo ulitaka nimlete?"

Elphas akamrudisha mwanasesere kwenye tope, akamshika Cherop mkono.

"Sikilizeni," Vidhi akasema, akisimama. "Mwenye kupanga uongo hatapata chumba. Hilo limeisha. Lakini nyinyi wengine mlifuata amri, na siwezi kulitupa ombi la jiji zima kwa ajili ya mtu mmoja. Nitalipeleka mbele bila yeye."

Kang'ethe akafuta jasho.

"Kwa sharti. Sitaki nyumba zijengwe halafu mumwingize huyu kwa dirisha. Nataka nyote mkubali hapa, mbele yangu, kwamba mnaingia bila yeye. Anayekubali apige hatua moja mbele. Na ni nyote. Akibaki mmoja, nitajua kesho sajini atakuwa mlangoni kwa huyo mmoja, na ombi lote nitalirudisha."

Akangoja.

Upepo ulicheza na mabati. Hakuna aliyesogea. Si Kamande, si mwingine. Walitazama mbele, mifuko imening'inia vifuani kama ndimi.

"Hamtaki nyumba?"

"Wajinga nyinyi!" Kang'ethe akafoka. "Songeni! Mnataka kulala kwa mtaro? Songa, wewe!" Alimsukuma Kamande. Ni kama kusukuma nguzo ya stima.

Vidhi akavuta pumzi. "Basi. Tumemaliza."

"Baba," Cherop akaita, akijinasua kidogo kutoka mkononi mwa mjomba. "Mbona hawasongi?"

"Aa, nimejua!" mtoto akasema. "Wanangoja wewe useme."

Na huo ndio ulikuwa ukweli, na kila mtu mle ndani aliujua, na ni mtoto peke yake aliyekuwa na moyo wa kuusema. Wale wanaume walikuwa wakimngoja. Hawangemwacha mpaka awaamrishe wamwache.

Aliwaza chumba. Alikuwa amekitembea kichwani mara nyingi sana: kitanda kikubwa huku, kitanda kidogo kule, dirisha, na mlango wa mbao wenye komeo la ndani, ambalo Cherop angelifikia akisimama kwa vidole. Akakitembea mara moja ya mwisho. Akatoka. Akaufunga mlango.

"Shemeji," Elphas akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Shemeji, hebu ngoja kwanza."

Lakini Kiptanui alikuwa ameshainua kidevu.

"Kikosi!"

Cherop akaruka kwa furaha. "Sikiliza, anti, sikiliza!"

"Hatua moja mbele... tembea!"

Buti zikapiga sakafu kwa pigo moja. Vumbi la majivu likapanda. Kamande alikuwa analia waziwazi, mdomo umepinda, lakini alisonga. Safu ilisonga imenyooka, na Kiptanui akabaki nyuma yao, migongo imemfungia kama ukuta.

Ilikuwa imekwisha. Wamepata nyumba.

Ndipo akahisi joto kando yake.

Hakuhitaji kugeuka. Pumzi hiyo anaijua. Ameisikiliza akiwa ameshika mkono wa mwenye pumzi hiyo, mara ngapi, akingoja itulie.

Micah hakuwa amesonga.

"Micah," Kiptanui akanong'ona. "Songa, ndugu yangu. Hatua moja. Nakuomba."

Safu yote ikageuka. Kang'ethe akapiga yowe. Vidhi aliutazama ule mguu usiosogea, kisha akamtazama mwenye mguu, usoni.

"Micah, ni amri! Hatua moja mbele!"

Mdomo wa Micah ukafunguka. Koo likahangaika, likakwama, likahangaika tena, kama bawaba ya mlango ambao haujaguswa kwa miaka. Na neno likatoka, la kwanza tangu siku ya mlipuko ule, neno moja ambalo kila mtu katika godauni lile alilisikia.

"Hapana."

Vidhi akatoa ufunguo wa gari mfukoni.